Kutafuta Kitabu cha Gari Kuukuu: Somo Kabla ya Spana

Mwalimu wa ufundi anayekabidhiwa gari kuukuu la kufundishia hukabidhiwa pia kazi moja ambayo muhtasari wa somo hauitaji: kutafuta kitabu cha gari hilo. Aghalabu kazi hiyo huifanya peke yake, usiku au wakati wa likizo. Kisha huingia karakanani na kitabu mkononi, na wanafunzi hukitazama kana kwamba kilishuka pamoja na gari kutoka kiwandani. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini sisi tuliiacha desturi hiyo, tukaifanya kazi ya kutafuta kitabu kuwa somo kamili lenye vipindi vyake, na mambo tuliyoyaona katika kulifundisha.

Gari lenyewe ni Land Rover ya aina ya Series III, pikapu ndefu yenye kibanda cha dereva mbele na sanduku wazi la mizigo nyuma. Lilifika chuoni likiburutwa. Kwa miaka mingi lilikuwa limebeba saruji, magunia ya mahindi, mapipa ya maji, na zaidi ya mara moja mama mjamzito aliyewahishwa hospitali usiku. Baadaye liliegeshwa chini ya mwembe hadi magurudumu yakazama udongoni. Uongozi wa chuo ulitupa mwaka mmoja: ama gari liwake na kusaidia kubeba kuni na chakula cha wanafunzi, ama liuzwe kwa kilo pamoja na vyuma chakavu vingine. Wanunuzi wa vyuma walikwisha kulizunguka, maana bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, nayo hupata bei nzuri kuliko chuma.

Hata hivyo lililotuhangaisha zaidi halikuwa kuni. Wengi wa wanafunzi wetu watakwenda kufundisha katika shule ambazo gari la kufundishia, likiwapo, ni msaada wa mtu aliyelichoka. Watakuta injini isiyo na jina, giaboksi iliyotoka kwingine, na kabati lisilo na kitabu. Mwalimu ambaye hajawahi kukitafuta kitabu mwenyewe atafundisha injini ya ubaoni, ile iliyochorwa kwa chaki za rangi na ambayo haimo katika gari lolote.

Tulianza kwa swali moja: tutafute kitabu gani? Darasa zima lilijibu kwa pamoja, "Cha Land Rover, Mwalimu." Tuliwaambia kwamba kitabu hicho hakipo. Gari la kwanza la jina hilo lilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series II ikafuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Kila moja ina vitabu vyake, na ndani ya kila moja mna urefu mbalimbali, injini za petroli na za dizeli, na mabadiliko yaliyofanywa katikati ya safari pasipo kubadili jina. Basi tuliwapeleka nje wakalitambue gari kabla ya kukitaja kitabu, na tukajizuia kusema lolote kwa vipindi viwili. Kunyamaza huko ndiyo sehemu ngumu ya somo hili. Mwalimu anayelijua gari huona ulimi ukimwasha.

Kundi la kwanza lilirudi likitangaza kwamba ni Series III kwa sababu taa kubwa zimo kwenye madigadi, wala si katikati karibu na rejeta kama katika magari ya zamani zaidi. Kundi la pili lilipinga: Series IIA za miaka ya mwisho nazo zina taa kwenye madigadi. Hilo walilijua kwa kuwa mmoja wao alikulia nyumbani penye gari kama hilo. Wavu wa plastiki wa mbele ya rejeta, ambao ungewasaidia, ulikuwa umepotea na mahali pake pamewekwa wavu wa kuku. Mwisho waliingia ndani, wakaona saa za mwendo na za mafuta ziko mbele ya dereva. Katika IIA hukaa katikati ya dashibodi. Tukakubali. Kisha walipima kwa futi ya fundi seremala kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, wakapata sentimita 277. Hizo ni inchi 109, na ndizo zinazoandikwa kwenye majalada ya vitabu. Ndugu yake mfupi ni wa inchi 88.

Namba ya chasisi ilitaka jasho. Kibati chake kilikwisha kung'olewa, lakini namba hiyo hupigwa pia kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikiliwa. Wanafunzi walisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya karibu saa nzima. Katika magari mengi ya aina hii namba ni tarakimu nane zinazofuatwa na herufi moja: tarakimu tatu za mwanzo hueleza gari ni la namna gani na usukani wake uko upande upi, na herufi ya mwisho hueleza mabadiliko ya kiufundi. Magari ya miaka ya mwisho yana namba ndefu zaidi, iliyochanganya herufi na tarakimu. Ya kwetu ilikuwa ndefu. Wanafunzi walifurahi, wakaandika kwenye madaftari yao: gari ni la miaka ya 1980.

Furaha hiyo haikudumu. Namba ya injini, iliyopigwa upande wa kushoto wa bloku, sehemu ya mbele, ilikuwa ya injini ya miaka ya nyuma. Nayo kabureta haikuwa Zenith kama inavyotakiwa; ilitoka katika gari la Kijapani, ikafungwa kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo tulikuwa na gari moja lenye haja ya vitabu vitatu. Jambo hili si dogo. Injini ya petroli ya lita 2.25 ya magari haya ilikuwa na beringi kuu tatu za krenkishafti hadi mwaka 1980, ndipo zikawa tano. Anayeagiza beringi kwa kufuata chasisi peke yake ataletewa mzigo usioingia, na fedha yake imekwenda.

Hapo ndipo tulipowaeleza wanafunzi kwamba vitabu vya gari si vya aina moja. Kuna kitabu cha mwenye gari, chembamba, kinachomwambia dereva aina ya oili na namna ya kubadili gurudumu. Kuna kitabu cha karakana, ambacho kiwanda kilikiandika kwa ajili ya mafundi wake, na ambacho hudhani kwamba msomaji anazo zana maalumu zote zilizotajwa. Kuna katalogi ya vipuri, yenye michoro na namba tu. Tena kuna vitabu vilivyoandikwa nje ya kiwanda kwa ajili ya mtu anayetengeneza gari lake nyumbani. Mashuhuri kati ya hivyo ni vile vya Mwingereza John Haynes, ambaye kitabu chake cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 1966. Sifa yake ni kwamba gari hufunguliwa kwelikweli na kupigwa picha hatua kwa hatua. Tuliona vema wanafunzi wajue pia kwamba jina la jalada hubadilika: kitabu cha gari lilelile chaweza kuwa na jina la Rover, au la British Leyland iliyoundwa mwaka 1968, au la Land Rover yenyewe iliyofanywa kampuni mwaka 1978. Anayetafuta kwa jina moja tu atakipita kitabu chake rafuni.

Utafutaji wenyewe tuliufanya kwa barua, na tunaisifu njia hiyo hata leo ambapo kila mwanafunzi ana simu. Tuligawa anwani za gereji za zamani, karakana za misheni, na mashamba makubwa ya mkoa wetu. Barua za mara ya kwanza zilikuwa na mstari mmoja: tunaomba kitabu cha Land Rover. Tulizirudisha. Barua za mara ya tatu zilitaja aina, urefu, injini, namba zote mbili, na kueleza kwamba hata kurasa chache zingetufaa. Mwalimu mwenzetu wa Kiswahili alizisahihisha kama insha, akatoa alama. Barua nyingi hazikujibiwa. Ofisi moja ilijibu kwamba vitabu vyote vilichomwa wakati wa kusafisha stoo, sentensi ambayo darasa liliisoma kimya. Lakini karakana moja ya misheni ilituletea, kwa mkono wa dereva wa basi, katalogi ya vipuri iliyoliwa na mchwa pembeni na kulowa oili katikati, pamoja na salamu za kututakia heri.

Kwa upande wa intaneti, nakala za vitabu vya magari haya zimejaa, na kwa fedha si nyingi huweza kununuliwa vitabu vya kiwanda vilivyochapwa upya na Brooklands Books ya Uingereza. Tulinunua kimoja. Nakala za bure tulizitumia kwa tahadhari. Nyingine zilipigwa picha vibaya hata 6 na 8 hazitofautiani, na katika jedwali la nguvu ya kukaza bolti hilo ni jambo la kuvunja bolti. Nyingine zilikuwa za IIA ingawa zimeandikwa jina la III. Hatari yake ni ya kweli: Land Rover za zamani, hadi mwaka 1967 hivi, zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, za baadaye hufungwa upande hasi. Atakayefuata mchoro wa umeme wa kitabu kisicho chake ataiua alteneta kabla injini haijakohoa. Tuliweka kanuni kwamba hakuna tarakimu inayotumika karakanani mpaka ionekane katika nakala mbili zisizotokana na moja.

Tuseme wazi maoni yetu: kati ya vitabu vyote, kilichofundisha zaidi ni ile katalogi iliyoliwa na mchwa. Michoro yake huonyesha kila kipande kikielea mbele ya kingine kwa utaratibu wa kufungwa: nati, washa, springi, kibati, mhimili. Mwanafunzi asiyejiamini katika Kiingereza husoma mchoro huo kama hadithi. Tuliwaacha wafungue pampu ya maji kwa kufuata mchoro peke yake, vipande vikapangwa juu ya gunia kwa mpangilio uleule wa ukurasa, na hakuna kilichobaki mkononi siku ya kufunga. Kitabu cha karakana, kwa upande wake, kina tabia ya kueleza kufungua kwa ukurasa mzima, kisha kusema kwamba kufunga ni kinyume chake. Kila fundi anajua kwamba taabu yote imejificha katika neno hilo "kinyume".

Lugha ilituchukulia muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mwanafunzi wetu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha mtihani, na kitabu cha fundi hakisemi Kiingereza cha mtihani. Zaidi ya hayo vitabu vya Kimarekani huiita boneti na madigadi kwa majina ambayo Mwingereza hayatumii. Katika mchoro wa umeme lipo neno ambalo kamusi hulitafsiri kuwa dunia au udongo. Mwanafunzi mmoja aliandika "waya wa udongo", akaenda kuutafuta chini ya gari. Waya huo hufungwa kwenye bodi, na mafundi wetu huuita ethi. Kwa jumla tuligundua kwamba Kiswahili cha gereji kimekwisha kumaliza sehemu kubwa ya kazi: klachi, giaboksi, difu, rejeta, tapeti, plagi. Wapo wanaoyadharau maneno haya kwa kuwa ni ya mkopo. Sisi tuliyaandika jinsi yalivyo, kwa sababu mwanafunzi akiingia dukani kuomba kipuri kwa jina lililobuniwa chuoni atarudi mikono mitupu.

Kwa ajili ya maneno hayo tulimwalika mzee mmoja, fundi aliyestaafu, aliyeanza kazi akiwa kijana wa kushika taa. Wanafunzi walimwamkia shikamoo, naye akaitikia na kuketi juu ya tairi. Walikuwa wamefika kwenye kurekebisha nafasi za tapeti, kazi ambayo kitabu huieleza kwa jedwali: vali ya nane ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya kwanza, ya sita ikiwa imefunguka, rekebisha ya tatu, na kadhalika, mistari minane. Mwanafunzi mmoja alikuwa akisoma kwa sauti na mwingine akigeuza injini kwa hendeli. Mzee alisikiliza mistari mitatu, akasema:

"Wanangu, hayo yote ya nini? Jumla iwe tisa."

Walimtazama bila kuelewa. Akaendelea, "Iliyofunguka ni ya ngapi? Ya saba? Basi shika ya pili. Saba na mbili?"

Darasa lilirudi kwenye jedwali, likajumlisha mstari baada ya mstari, na kila mstari ulitoa tisa. Hatukuipata kanuni hiyo popote katika kitabu chetu, na mzee hakuwahi kuliona jedwali. Tulitumia kipindi kizima kilichofuata kuuliza kwa nini iwe hivyo. Jibu lilipatikana katika utaratibu wa kuwaka wa silinda, yaani 1, 3, 4, 2: silinda ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja, ya pili na ya tatu vivyo hivyo, na vali zimepangwa zikitazamana kama mtu na kivuli chake katika kioo. Mwanafunzi aliyelieleza hilo ubaoni kwa ufasaha kuliko wote alikuwa msichana ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajasema neno darasani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwamba kwa miaka arobaini alikuwa akiijua kazi na leo ameelezwa sababu yake.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo mzee na kitabu hawakupatana. Kitabu kinataka nafasi ya tapeti iwe inchi 0.010, injini ikiwa ya moto au ya baridi. Mzee alizoea kupima kwa kipande cha wembe wa kunyolea. Wanafunzi, kwa upande wao, walikuwa na vibapa vya kupimia vilivyotoka dukani, na mmoja alichagua chenye alama 0.10 akiamini kwamba kumi ni kumi. Kibapa hicho kilikuwa cha milimita. Inchi 0.010 ni milimita 0.25, na anayeacha 0.10 ameibana vali isiweze kukaa vizuri kwenye kiti chake. Moto hupita pembeni, na vali huungua. Tulipima wembe wa mzee kwa maikromita ya maabara ya fizikia: ulikuwa mwembamba kuliko inavyotakiwa. Hatukutaka kumwaibisha mbele ya vijana. Yeye mwenyewe alichukua nyembe mbili na ya tatu, akazibandika pamoja, akaomba zipimwe tena, kisha akacheka. Aliondoka na kibapa cha milimita 0.25 tulichompa, na sisi tukabaki na tisa yake.

Mambo ya inchi yatamsumbua kila atakayefundisha kwa gari la Uingereza la zama hizo, nasi tunashauri yafundishwe pamoja na hesabu. Spana ya milimita 13 hushika nati ya nusu inchi kwa kulegea kidogo, maana nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 14 haiingii kabisa kwenye nati ya inchi 9/16, ambayo ni milimita 14.3. Nati nyingi za gari letu zilikuwa zimeviringika kwa sababu hiyo. Na kwa kuwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza hatukuwa nayo, tuliazima maabara mizani ya springi, tukaifunga kwenye mpini wa spana umbali wa futi moja, yaani sentimita 30.5, kutoka katikati ya bolti. Kitabu kinataka bolti za silinda hedi za injini yetu ya petroli zikazwe kwa nguvu ya ratili 65 kwa futi. Mizani ilipoonyesha kilo 29.5 tuliacha kuvuta. Mpini wa futi mbili ulihitaji nusu ya hapo. Mwalimu wa fizikia alitulalamikia kwamba tumemnyang'anya somo lake la mwezi ujao.

Gari liliwaka katika muhula wa tatu, kabla mwaka wetu haujaisha. Sasa hubeba kuni, nalo huvuja oili kidogo pale nyuma ya injini, kasoro ambayo wenye magari ya aina hii hawataishangaa.

Kilichobaki darasani ni daftari. Kila ukurasa wa kushoto huandikwa lile linalosemwa na kitabu, pamoja na jina la kitabu na ukurasa. Wa kulia huandikwa lile lililokutwa katika gari letu, tarehe, na majina ya waliolikuta. Chini ya ukurasa mna maneno ya Kiswahili ya vipande vyote vilivyotajwa. Pale ambapo kabureta ya Kijapani imechukua nafasi ya Zenith, ukurasa wa kushoto umeachwa wazi, kwa kuwa mpaka leo hatujaitambua kabureta hiyo ni ya gari gani. Kundi la mwaka huu linaandika barua. Sehemu ya giaboksi nayo haina kitu. Gia zote nne za mbele zinaingia vizuri, na hatuoni sababu ya kuifungua ili tu kujaza daftari.

Wanafunzi wanaohitimu hunakili daftari hilo kwa mkono au kwa simu kabla ya kuondoka. Mmoja wao, aliyepangiwa shule ya mbali, ametuandikia kwamba huko amekuta injini ya dizeli isiyo na kibati, juu ya meza, na kwamba ameanza kuisugua kwa mafuta ya taa.